Mlango wa Tano na Chai ya Uani

Endulen,
20 Februari 1983

Kwako dada yangu Marsela,

Tumsifu Yesu Kristo. U hali gani, na mgongo wako umetulia? Kijana wako Piusi ameandika kutoka jeshini? Nakuuliza haraka haraka kama mtu aliyesimama mlangoni, maana Martini, dereva wa misheni, anaondoka baada ya misa, na huyo unamjua, barua isiyokuwa mkononi mwake anapowasha gari itangoja wiki nyingine. Mimi huku ni mzima wa afya, kazi tu ndiyo nyingi. Mashuka ya hospitali hayaishi. Ukimaliza ya wodi ya wanaume, ya wodi ya wazazi yanakungoja. Na upepo wa huku, dada, unapita kwenye sweta kama vile hukuvaa kitu.

Nakuandikia juu ya chumba changu. Tangu niondoke baada ya Epifania mlango wa tano umefungwa na ufunguo nilikuwa nao mimi, nimeufunga kwenye pindo la khanga. Silali vizuri nikikumbuka kanuni ya nne. Watu wa huku nikiwaeleza nyumba yetu hawaelewi. Wanauliza, kaya nane chini ya bati moja, mwenyewe ni nani? Nawaambia ndani ya mlango wako ni pako, lakini paa, tangi, jiko na ua ni vya wote, ndiyo maana tuna kanuni. Nawaeleza pia ule mwaka mlango wa saba ulipofungwa masika yote, bati likavuja bila mtu kujua na ukuta wa jirani ukalegea kama uji. Ndipo tulipoandika kwamba chumba kikifungwa msimu mzima wa mvua, mkutano una haki ya kumpa mtu mwingine. Kanuni nzuri. Sasa mvua inakaribia, na mlango uliofungwa ni wangu.

Nimempata mama mmoja wa Kakesio, anaitwa Nasha. Mama yake mzazi alilazwa hapa mpaka Mungu alipomchukua, ndipo tulipozoeana. Kijana wake Metui amepata kazi ya ulinzi kwenye shamba la kahawa hapo Karatu, na mama anataka kuwa karibu naye. Nimempa ufunguo. Kiswahili chake ni cha kuokota njiani, lakini ni mtu safi. Kodi yake yote iende kwenye mfuko wa tangi la maji kama kanuni inavyosema.

Najua kupangisha ni neno baya siku hizi. Valeriani atasimama na uenyekiti wake aseme tulijenga kwa jasho la pamoja, na leo Cresensia amegeuka bwana mwenye nyumba. Nisemee, dada. Waambie niko kazini. Mpeleke Nasha kwenye chai ya uani ya kumpokea mpangaji, akae karibu nawe.

Nijibu upesi, hata kwa maneno matatu.

Ni mimi dada yako katika Kristo,
Cresensia


Karatu,
13 Machi 1983

Kwa Cresensia,

Milele amina. Mgongo bado unaniuma, Piusi hajaandika, asante kwa kuuliza. Maneno matatu hayatoshi, kwa hiyo tafuta pa kukaa.

Mgeni wako alifika Ijumaa ya wiki iliyopita amebeba vibuyu viwili na ngozi, akasimama getini akasalimia kwa Kimaasai, "Takwenya!" mpaka wote tukatoka. Jumapili yake tukamfanyia chai ya uani. Sukari nilikopa kwa Lusia wa mlango wa pili, naye aliitoa kijiko kwa kijiko kana kwamba anatoa meno. Tukakaa wote benchini kama kanuni inavyotaka, mpangaji anakunywa, sisi tunakunywa tukimtazama, yeye anatutazama. Valeriani akamsomea kanuni zote kutoka kwenye ubao wa tangini. Asigonge msumari ukutani bila ruhusa. Asipike pombe. Asifuge mnyama uani. Asilaze mgeni bila mwenyekiti kujua. Chumba kimoja, kaya moja. Nasha akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa sauti ya watu wote kusikia, "Huyu mzee ana mke?" Nikasema anaye. Akasema, "Pole yake." Lusia alimwaga chai yake na sukari yote ile.

Basi amekubaliwa, lakini kwa shingo upande. Sylvesta mtoto wa Valeriani anaoa baada ya mavuno, na wewe unajua baba yake anakitazama chumba chako tangu ulipoondoka. Aliniuliza, "Huyu Cresensia ameenda wapi hasa? Kanuni inaruhusu kupangisha kwa aliye kazini, masomoni au anayeuguza ndugu. Yeye yuko wapi katika hayo matatu?" Nikasema anafua mashuka kwa masista. Akasema alete barua ya mwajiri. Nikajibu italetwa. Basi ilete.

Jambo jingine dogo. Metui anakuja kwa mama yake kila asubuhi akitoka zamu, na kila akija ana mwenzake. Leo huyu, kesho yule. Wana fimbo na mashuka mekundu, wanainama kupita mlangoni kwangu kama twiga. Nilimwuliza Nasha, akasema, "Maziwa." Hakuongeza neno. Nieleze wewe uliyekaa nao.

Jibu mapema, na barua ya mwajiri usisahau.

Marsela


Endulen,
10 Aprili 1983

Mpenzi dada Marsela,

Tumsifu Yesu Kristo. Pasaka ilikuwaje huko, kwaya mliimba? Mimi huku ni mzima. Nilisikiliza misa kutoka kibarazani kwa sababu ya kazi. Nilicheka juu ya pole ya mke wa Valeriani mpaka mgonjwa wa jirani akauliza nimepata habari gani.

Juu ya maziwa nitakueleza, na wewe wafahamishe wenzetu kwa upole. Metui ni morani. Kwao morani hanywi maziwa peke yake. Ni lazima awe na mwenzake wa rika lake, hata kama ni tone, hata kama ana njaa ya kuanguka. Akinywa peke yake amejivunjia heshima, na mama yake pia. Kwa hiyo hao si wapangaji wala hawalali humo. Anatafuta tu mtu wa kunywa naye. Huku nimewaona vijana wakikaa na kibuyu kimejaa, wamemeza mate, wanatazama barabara kama kuna wa rika lao anayepita. Mwanzoni nilicheka. Sasa sicheki, nafikiri ni jambo zuri mtu kutoruhusiwa kunywa peke yake. Hapa mimi huwa...

Samahani, niliacha kuandika juzi, nilipumzika kidogo. Nilikuwa nasema, hapa watu wana roho nzuri. Sista amenipa sweta la pili. Kila asubuhi tunaota jua ukutani kabla ya kazi.

Barua ya mwajiri nitaitafuta, ila Sista anayeandika barua hizo ana mambo mengi. Mwambie Valeriani avumilie. Mvua imeanza? Bati la kwangu halivuji? Mwambie Nasha aangalie kona iliyo juu ya kitanda.

Dada, hicho chumba ndicho nilicho nacho. Binti yangu yuko Mbulu kwa mume wake na wakwe zake, siwezi kwenda kukaa nyuma ya jiko la watu. Nilipofyatua yale matofali nilikuwa mjane wa miezi michache, na kila tofali nilisema Salamu Maria moja. Niombee kisiniponyoke.

Niandikie.

Cresensia wako


Karatu,
22 Mei 1983

Cresensia,

Sijui nianzeje. Nimekaa na kalamu tangu misa ya kwanza.

Habari za maziwa niliwaeleza. Lusia akasema ni desturi ya heshima. Valeriani akasema desturi haipo kwenye ubao. Akaanza kuhesabu fimbo zilizoegemea mlango wako kila asubuhi, kama karani wa ushirika anayehesabu magunia. Siku ya mnada wa ng'ombe wenzake Metui walikuja wengi, mvua ikawafungia, wakalala. Ndani ya chumba kimoja, Cresensia! Nasha mwenyewe alikuja kulala kwangu, akakoroma kama lori kwenye mlima. Asubuhi nikamwambia, "Mama, kanuni." Akasema, "Nyumba ya mwanamke mwenye kijana ni ya rika lote la kijana. Nikiwafukuza kwenye mvua, Metui atalala kwa nani akipita kwao?" Ungemjibu nini wewe?

Valeriani akaitisha mkutano Jumapili iliyopita. Akamsimamisha Nasha akamwuliza, "Mwenye chumba hiki anafanya kazi gani huko Endulen?"

Nasha akasema, "Kukohoa."

Watu wakacheka. Wakafikiri ni Kiswahili chake. Valeriani akarudia polepole kama anaongea na kiziwi, "Kazi. Kazi gani?" Nasha akasema, "Ndiyo hiyo. Anakohoa, anachomwa sindano, anakaa juani. Kitanda chake kilikuwa karibu na cha mama yangu. Mlikuwa hamjui?"

Nikasimama nikasema ni mzaha, ni mtu wa utani huyu. Nikarudi nikakaa, lakini mwenyewe sikuyaamini maneno yangu. Maana Martini aliwahi kuniambia alikuona mchana umejifunika blanketi kibarazani, nikamjibu labda umepumzika. Kusema kweli mimi nilidhani umepata mume huko na unaona haya kuniambia! Nilishaanza kukasirika kwamba sikualikwa.

Unaikumbuka kanuni ya tisa, ile ya mwaka wa kipindupindu. Mwenye ugonjwa wa kuambukiza hatatumia jiko wala tangi wala vyombo vya wote mpaka mkutano uridhike. Mimi na wewe tuliinua mikono. Mkutano mwingine ni mwisho wa Julai, na tayari wanasema uongo peke yake unatosha kukunyang'anya chumba, hata kabla ya kuutaja ugonjwa.

Niambie kweli. Nimesema mbele ya watu na mbele ya msalaba wa ukutani kwamba unafua mashuka.

Jibu barua hii siku utakayoipata.

Marsela


Endulen,
24 Mei 1983

Mpenzi dada Marsela,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimekaa muda mrefu bila barua yako nikaona nikutangulie. Mimi ni mzima wa afya, kazi inaendelea vizuri, mashuka yamepungua kidogo. Barua ya mwajiri iko njiani, Sista ameniahidi. Tafadhali usimwache Valeriani aitishe mkutano kabla haijafika. Naogopa huyo mzee akipata nafasi ya kuuliza uliza.

Niandikie upesi.

Cresensia


Endulen,
5 Juni 1983

Marsela,

Barua zetu zimepishana njiani. Wakati unasoma yangu ya uongo, mimi nilikuwa nasoma yako. Nilitaka ardhi ipasuke.

Ni kifua kikuu. Nilikuwa nikitema damu tangu Majilio, nikiwaambia ni jino. Waliponipima hapo Karatu nilimwomba mganga mkuu anielekeze mbali, asinilaze karibu na macho ya watu, ndipo nikaja huku kwa masista. Sijafua hata leso. Nimechomwa sindano mpaka sina pa kukalia, na sasa namalizia kwa vidonge. Daktari anasema makohozi yangu ni safi tangu Aprili, siwezi kumwambukiza mtu, na Septemba naweza kurudi nikachukue dawa hapo nyumbani. Ameandika kwenye karatasi, naitia humu. Hiyo ndiyo barua niliyo nayo. Ya mwajiri haipo na haikuwahi kuwapo.

Nilificha kwa sababu nilikuwepo siku ile tulipoinua mikono. Niliona jinsi tulivyokiondoa kikombe cha yule marehemu wa mlango wa nane kwa kijiti, kama nyoka. Nikawaza, changu nacho kitaondolewa kwa kijiti, na nitarudi niwe mtu wa kusogezewa chakula mlangoni. Nikaona heri nionekane ninayejitafutia kazi mbali kuliko kuonekana hivyo. Nimeungama kwa padri. Amenisamehe yeye, lakini si yeye niliyemweka kusema uongo uani.

Nasha usimlaumu. Sikumwambia afiche. Sikufikiri kwamba kuna mtu ambaye hangeficha.

Tumeshiriki kikombe kimoja kwenye kwaya, mimi na wewe, mpaka mwezi wa Desemba. Nenda ukapimwe. Naona haya hata kuliandika neno hilo.

Chumba, watakavyoamua. Si kweli. Nakitaka chumba changu, Marsela. Nakitaka.

Jibu, hata kwa matusi.

Cresensia


Endulen,
17 Julai 1983

Dada Marsela,

Martini anaapa alikupa barua mkononi na ukaitia kwenye mfuko wa gauni. Ametoka na kurudi mara tatu, kila mara nasimama getini naye anatikisa kichwa kabla gari halijasimama. Hapa kiangazi kimeanza, majani yamekauka, ng'ombe wanapelekwa mbali. Nimeanza kutembea mpaka dukani na kurudi bila kupumzika njiani. Nimekuwa mtu wa kuuliza uliza habari za Karatu kwa kila anayeshuka garini, hata watalii, ambao hawajui lolote.

Kama umeamua kutoniandikia, niandikie hilo.

C.


Karatu,
7 Agosti 1983

Kwako dada yangu Cresensia,

Milele amina kwa barua zako zote ambazo sikuzijibu.

Nilikasirika. Hilo la kwanza, na liwe limesemwa. Wiki nzima nilipiga deki kama napiga mtu. La pili, niliogopa. Mjukuu wangu alianza kukohoa, nikampeleka kupimwa, nikapimwa na mimi, wakatuambia turudi, majibu bado, turudi tena. Sikutaka kukuandikia na hofu ile mkononi. Ningekuandikia neno ambalo lisingefutika. Majibu yametoka, hatuna kitu, mtoto alikuwa na mafua ya vumbi. Mshukuru Mungu pamoja nami, halafu nisamehe ukimya.

Sasa mkutano. Niliwasomea karatasi ya daktari. Valeriani akaivaa miwani, akaisoma mwenyewe, akasema daktari ni mtu mwenye heshima, lakini daktari hakai hapa. Akatoa pendekezo lake. Kwa kuwa Cresensia alidanganya, chumba kirudi kwa mkutano. Kama wenzake wataona huruma, basi arudi, ila awe na kikombe chake, ndoo yake, na kiti chake upande wa pili wa ua. Alisema kwa upole, dada, si kwa ubaya. Ni mtu anayetaka mwanawe apate pa kuolea, na anaogopa kama sisi.

Nasha akaniuliza anasema nini, nikamfafanulia. Kisha akasimama. "Kijana wangu mnamhesabia fimbo kwa sababu hawezi kunywa peke yake," akasema. "Na huyu mama mnataka kumfundisha kunywa peke yake. Mimi siwaelewi nyinyi watu wa bati."

Kikombe chako kile cha bati chenye ua jekundu kilikuwa bado kwenye msumari pale tangini, hakuna aliyethubutu kukigusa tangu mwezi wa tano, buibui alishajenga. Nikakitwaa kwa mkono. Nikakisuuza, nikamimina chai ya mkutano, nikanywa. Bado niliogopa, sitakudanganya, hata baada ya majibu ya hospitali. Nikakiweka benchini. Nasha akanywa. Halafu nani akanyoosha mkono? Sylvesta! Baba yake akamwita jina lake lote la ubatizo. Akanywa, akafuta midomo, akasema, "Mzee, mimi nitaoa hata nikipanga huko mjini." Lusia wa mlango wa pili akanywa akilia. Waliobaki hawakunywa. Watatu waliingia ndani wakafunga milango, na Valeriani akaenda kukagua koki ya tangi ambayo haina tatizo lolote.

Walipoitwa tena kupiga kura, zikagawanyika nusu kwa nusu, na kanuni inasema zikigawanyika hakuna kinachobadilika. Kwa hiyo mlango wa tano ni wako. Kanuni ya tisa nayo haikufutwa. Walichokubali wote, hata Valeriani, ni hiki: ukirudi utakaa benchini unywe chai ya uani kama mpangaji mgeni, na kila mwenye mlango ataitwa. Atakayekuja amekuridhia. Sijui watakuja wangapi. Nimejaribu kuhesabu nyuso, nikashindwa.

Nasha anauliza kama itabidi atoke. Nimemwambia ubao unasema kaya moja, hausemi kaya hiyo iwe na mama wangapi. Metui bado anakuja na mwenzake. Bati halivuji, alipanda mwenyewe akaziba ile kona.

Sasa niambie, na usiniandikie tena kwamba u mzima wa afya kama si mzima. Unakuja siku gani, na kwa gari la nani? Nataka nijue kiasi cha chai. Mpaka sasa nina hakika na mimi, Nasha, Sylvesta, Lusia, na Metui na mwenzake, na wewe. Sukari nimeshaanza kuiweka.

Niandikie upesi, ili niwe nimesimama getini.

Dada yako,
Marsela